Mlio Ambao Sikuusikia

Binti yangu alipolalamika mara ya kwanza kwamba kompyuta yake inalia, niliingia chumbani mwake, nikasimama karibu na meza, nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nilisikia jogoo wa jirani, nikasikia lori la ndizi likipanda kutoka mashambani, lakini kompyuta ilikuwa kimya kama jiwe. Nikamwambia iko sawa. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mwenzake akifanya mzaha kwenye matanga.

Alikuwa amerudi nyumbani Mitunguu baada ya kumzika mama yake. Alisema anaweza kufanya kazi yake ya Nairobi akiwa hapa, mradi stima iwepo na intaneti isipotee. Kazi yenyewe ilinichukua muda kuielewa. Anatengeneza hadithi za watoto, picha zinazotembea, na sauti ya kusimulia ni yake mwenyewe, anasoma kwenye maikrofoni palepale kando ya kompyuta. Kwa ajili ya picha hizo alinunua kwenye duka moja la Meru mjini kadi ya bei kali, ile inayochora picha ndani ya kompyuta, na kadi hiyo inapozwa kwa maji. Nilipoiona nilicheka. Ina pampu ndogo, mipira miwili ya kupitisha maji, na rejeta kama ya gari, ila ni ya gari la mtoto la kuchezea.

Nilicheka kwa sababu pampu ndizo zilizonilisha. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kuendesha pampu za dizeli za kumwagilia mashamba huku chini, na nikaendelea hadi nywele zikawa nyeupe. Watu waliniita kusikiliza pampu mbovu kama wanavyomwita daktari. Naweka sikio, nasema beringi imekufa, na ikifunguliwa inakutwa imekufa. Kwa hivyo niliposema pampu ya binti yangu, ambayo yeye alisema ndiyo inayolia, haina kelele, nilidhani maneno yamekwisha.

Hayakwisha. Wakubwa wake walirudisha hadithi aliyosoma, wakasema ina mbu ndani. Akafunga madirisha, akatundika blanketi ukutani, akasoma upya. Ikarudishwa tena. Wakamwambia kama nyumbani hapafai, aende Nairobi akasomee kwenye studio yao, akae hukohuko. Alinieleza hayo tukila, polepole, macho yakiwa kwenye sahani.

Hapo nilianza kuchanganyikiwa. Mimi kelele siisikii. Wanaoisikia ni yeye na watu wa Nairobi, na hao ndio wanaomtaka aende. Nikajiuliza kama amechoka kukaa na mzee anayerudia maneno na kusahau kufunga kuku, na sasa anatafuta sababu ambayo haitaniumiza. Ningemuuliza, mengi yasingetokea. Sikumuuliza.

Kadi ilikuwa bado kwenye waranti, na kulikuwa na njia ya kuirudisha ili wampe nyingine. Siku ya kuipeleka alikuwa na mkutano wa simu na wakubwa wake, nami nikasema nitaipeleka mimi, maana mambo ya pampu nayajua.

Jirani wa duka lile anauza spika, na huziweka mlangoni zikiimba nyimbo za injili tangu asubuhi. Fundi, kijana mwenye ndevu chache, aliifunga kadi kwenye kompyuta yake, akawasha, akainama juu yake.

"Mzee, mimi naona iko poa," akasema. "Wewe unasikia hiyo kelele?"

Niliweka sikio kama zamani. Nikasikia wimbo wa jirani, basi. "Haina kelele," nikamwambia. "Mimi ni mtu wa pampu."

Ningenyamaza hapo. Lakini nilijiona nimeaminiwa, nikaongeza kwamba wasichana wa siku hizi unawajua, labda anataka tu mpya. Kijana akacheka, akaandika kitu kwenye kompyuta, akanirudishia kadi yangu. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi. Ule wepesi unanisumbua mpaka leo.

Binti yangu aliirudisha kadi mahali pake, akawasha, akashika kichwa. Kesho yake akapiga simu dukani, kisha akanifuata shambani nilikokuwa nikitegemeza mkungu kwa mti.

"Baba, uliwaambia nataka tu mpya?"

Nikasema ulikuwa utani.

"Wanasema aliyeileta alithibitisha haina kelele, kwa hivyo wamefunga hayo maneno. Yaani mimi ni mwongo."

"Sijasema wewe ni mwongo. Nilisema siisikii hiyo kelele."

"Hapana, Baba. Ulisema haina."

Alirudi ndani. Jioni niliona begi lake limetolewa chini ya kitanda, na nguo zimekunjwa juu yake. Nilizunguka nyumba bila kujua nitafute nini. Kama kelele ipo, mbona mimi, kati ya watu wote, nisiisikie? Na kama haipo, mbona anaumia hivi?

Jibu lililetwa na mama jirani aliyekuja kurudisha sufuria. Binti yangu alikuwa ametoka kwenda sokoni, akaiacha kompyuta ikichora picha zake. Mama huyo alisimama sebuleni akageuza kichwa.

"Ni nini hicho kinalia huko ndani? Kama mbu amefungiwa kwa chupa."

Nikamwambia hakuna kinacholia. Akaniangalia, akadhani namtania. Nilimwomba aende jikoni aniambie kama bado anasikia. Bado. Nikamwomba atoke hadi mlango wa nyuma.

"Hata hapa iko," akaita, akicheka. "Mzee wetu, masikio uliyaacha kwa pampu za watu!"

Nilicheka pia, kwa sababu sikujua lingine la kufanya. Alipoondoka nilikaa kwenye kiti. Mke wangu katika miezi yake ya mwisho alibaki na sauti nyembamba sana. Mara kwa mara aliniambia ameniita sana, nami nikamjibu kwamba hakuniita. Nilimjibu hivyo kwa uhakika uleule niliompa kijana wa dukani.

Binti yangu aliporudi nilimweleza alichosema jirani. Aliweka vitu vya sokoni mezani. Nikamwomba twende Meru pamoja, ili niseme maneno yangu yeye akisikia.

Kulikuwa na watu kwenye foleni. Zamu yetu ilipofika nilimwambia fundi, "Kijana, siku ile uliniuliza kama nasikia, nami nikakujibu kwamba haina. Ukweli ni kwamba sauti nyembamba mimi sizisikii kabisa, na sikujua. Huyu hakudanganya. Na yale ya kutaka mpya niliyatoa kichwani mwangu. Naomba ulifungue tena hilo jambo."

Alikuna kichwa. Alisema mitambo ikishafunga imefunga, na tena hata yeye hakusikia kitu. Mwanamke mmoja nyuma yetu akamuuliza angesikiaje mbu mlangoni kwa kwaya. Watu wakacheka. Basi akaingia na kadi na kompyuta yake stoo, akafunga mlango. Alipotoka hakunitazama mimi, alimtazama binti yangu.

"Iko," akasema. "Pole, madam."

Kadi ikapelekwa Nairobi kwa walioiagiza. Wakubwa wa binti yangu walikubali kusubiri kidogo, hawakusema kidogo ni kiasi gani. Begi lilikaa palepale kando ya kitanda, halijafunguliwa wala halijafungwa, nami kila nikipita nililiangalia nisijue linaelekea wapi.

Kadi nyingine ilipokuja, aliifunga yeye mwenyewe, akawasha. Nilisimama mlangoni nikimtazama usoni, maana huko ndiko ningepata habari. Alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaingiwa na hofu.

"Vipi?" nikauliza.

"Kuna kelele."

Sikuelewa. Hii si ndiyo mpya?

"Ni wewe, Baba. Unapumua kama ng'ombe. Toka, ufunge mlango, nisome."

Nilitoka. Sijui kama bawaba za mlango ule hulia, lakini niliufunga polepole sana, kama zinalia.