Picha Iliyoishia Shingoni

Kanisani kwetu Kisugu, mtu akipona ugonjwa husimama mbele ya watu akashuhudia. Mimi nilipona, nikaitwa, nikapewa kipaza sauti. Nikasema Mungu ameniponya homa, kisha nikarudi kukaa. Homa ilikuwepo kweli, lakini kilichoileta kilikuwa titi, na neno hilo sikuweza kulitaja mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa. Basi naandika, maana karatasi haina macho.

Mimi ni mshonaji. Nilizaliwa upande wa Kongo, nikaja Kampala na mama yangu nikiwa msichana mkubwa. Hapa nikaolewa na mtu wa Arua, mlinzi, Mwislamu mpole anayependa kucheka. Kilugbara chake sikijui, na Kishi changu yeye hakijui, kwa hiyo nyumba yetu inaendeshwa kwa Kiswahili. Tuna watoto watatu. Wote nimewanyonyesha karibu miaka miwili kila mmoja, na sijutii hata siku moja.

Zamani nilikuwa na kifua kilichojaa. Sijisifu, nasema kama mshonaji. Nilikuwa na gauni la kitenge cha bluu ambalo nililishona mwenyewe, lenye mikunjo miwili ya kufinya kitambaa chini ya matiti, na ndilo nililovaa siku mume wangu aliponiona mara ya kwanza. Alisema baadaye kwamba siku hiyo alisahau njia ya kwao.

Alipata mkataba wa ulinzi Uarabuni mimba ya kitinda mimba wetu, Yusufu, ikiwa na miezi saba. Nilipomwachisha Yusufu ziwa nililitoa gauni sandukuni nikalivaa. Lilining'inia. Matiti yalikuwa yamelala kama soksi zilizovuliwa. Nililia mbele ya kioo cha wateja, kisha nikalipiga pasi gauni nikalirudisha mahali pake.

Nilitamani. Wapo watakaosema ni tamaa ya dunia, na waseme. Nilitamani ule mwili aliouoa, na nilitamani arudi aukute ukimngoja mlangoni. Kila Ijumaa baada ya swala alinipigia simu ya picha, nami nilijifunza kuishika simu hivi kwamba picha yangu inaishia shingoni. Yake yeye ilianzia puani kwenda juu. Nilimtania kwamba mlinzi mzima hajui kushika simu.

"Mtandao huku mbaya, Mama Amani," alijibu. "Mimi naona wewe, inatosha."

Ilipobaki miezi minne arudi, mteja wangu mmoja aliyekwisha kuongezwa matiti akanielekeza kwa daktari wake. Ni mama wa makamo. Alinipima, akanisikiliza bila kunicheka.

"Nnyabo, mama yangu, hiyo kazi inafanyika," alisema. "Lakini wewe umetoa mtoto kwa titi juzi tu. Maziwa bado iko. Ngoja miezi sita, kifua itulie, ndiyo tujue ni kuongeza ama ni kuinua tu. Na kama unataka mtoto mwingine, maliza kuzaa kwanza."

Aliniambia pia kwamba ile mifuko wanayoweka si ya milele, mtu huweza kurudi kupasuliwa tena. Yote niliyasikia. Nililoondoka nalo lilikuwa moja tu, miezi sita, na mume wangu anakuja baada ya minne.

Hapo nikakumbuka wale wadudu. Kwetu kuna vidudu vidogo vyeusi vinavyozunguka-zunguka juu ya maji yaliyotulia. Msichana akichelewa kuota matiti, wenzake humpeleka mtoni, humkamata mdudu na kumbandika kwenye chuchu amng'ate. Panauma, panavimba, na huambiwa sasa yatakua. Mimi nilifanyiwa nikiwa na miaka kumi na miwili, na matiti yakaja. Leo najua yangekuja tu, yalikuwa njiani.

Nikashuka bondeni kwenye maji yaliyotuama kando ya mtaro. Wadudu walikuwepo, wanazunguka vile vile. Nilisahau kwamba mto wa kwetu tulikuwa tunakunywa maji yake, na mtaro huu unapokea uchafu wa mtaa mzima. Niliwatia kwenye kopo. Mchana, Yusufu akiwa amelala, nikajifungia chumbani, mtu mzima na akili zangu, nikawabandika wawili kulia na wawili kushoto. Machozi yalinitoka kwa uchungu. Jioni matiti yalikuwa yamevimba, nikavaa gauni la bluu, likakaa. Kwa siku mbili nilijisikia kama bibi harusi.

Siku ya tatu titi la kushoto lilinywea. La kulia likaendelea. Ngozi ikawa nyekundu, ikang'aa, ikachemka, na ndani kukawa na bonge gumu kama ndimu. Chuchu ikaanza kutoa maji ya njano yenye harufu. Usiku na mchana nilitetemeka chini ya mablanketi mawili. Nikakanda kwa maji ya moto, nikapaka majani, nikameza vidonge vya dukani. Ijumaa sikupokea simu, nikamwandikia mume wangu kwamba chaji imeisha.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, Mama Zawadi, muuza samaki, Mkongomani mwenzangu. Alikuja kuchukua sketi yake, akasimama mlangoni akinusa.

"Mama Amani, kuko kitu inaoza humu, na mie harufu naijua," alisema. Akanifunua shuka. "Unaficha hii juu ya nini? Utakufa juu ya aibu?"

Alinipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma akinishikilia. Nilimwomba anipeleke kwa daktari yule yule, maana ndiye pekee aliyekwisha kuniona. Daktari alipitisha mashine juu ya titi akasema usaha umejaa.

"Umeweka nini hapa?"

Nikavuta shuka kujifunika.

"Nnyabo, mimi sichapi mtu. Sema, nijue dawa."

Nikamwambia habari za wadudu. Aliendelea kuvaa glavu zake. "Hata sisi kijijini tuliweka," alisema. "Lakini tulikuwa watoto."

Alinichoma sindano ya ganzi akapasua. Usaha ulitoka mwingi kuliko nilivyodhani mwili wa mtu unaweza kubeba. Kidonda hakushona, alikijaza kitambaa cha dawa, na kila siku kwa wiki tatu kikawa kinatolewa na kubadilishwa. Kutolewa kwake kuliniuma kuliko kuzaa. Aliniambia ningekawia siku mbili zaidi titi lingepotea, pengine na mwenye titi. Nyumbani Yusufu alivuta blauzi yangu kutafuta titi lake la zamani, akakuta bandeji. Akahamia upande wa pili, akalaza shavu pale, akasinzia.

Ijumaa iliyofuata nilipokea simu. Nilimweleza mume wangu yote, gauni, daktari, mtaro, wadudu. Kisha nikaishusha simu kutoka shingoni, akaiona bandeji. Macho yake yakasogea karibu na kioo cha simu.

"Yote hayo juu ya mimi?" aliuliza.

"Kwa ajili yako. Na kwa ajili yangu pia."

Naye akaishusha yake. Picha ilitoka puani ikafika mdomoni. Meno mawili ya mbele, ya juu, hayakuwepo.

"Nilianguka kwa ngazi ya kazini mwaka jana," alisema. "Nilisema nitaweka ya bandia kwanza, ndiyo nirudi. Niliogopa utanikataa."

Nilicheka hadi kidonda kikaniuma, kisha nikalia. Mwaka mzima nilikuwa nimekikosa kicheko cha mume wangu, na sikujua kwamba alikuwa amekificha.

Nimepona. Kuna kovu, na titi la kulia ni dogo kuliko mwenzake. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, naishukuru pua ya Mama Zawadi. Sitawadanganya, bado natamani. Kuna siku naliona titi la mteja limesimama ndani ya gauni nililolishona na wivu unanishika. Miezi ikitimia nitarudi kwa daktari, na mume wangu atakaa kiti cha pembeni, tuulize pamoja. Pengine tutafanya, pengine tutaacha. Mama mwenzangu, ukitamani, mwambie mtu. Na titi likiwa jekundu na la moto usilikande nyumbani siku tano kama mimi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, aibu utaikuta ukirudi.

Anakuja mwezi ujao. Nimelifumua gauni la bluu, nikajipima upya kwa futi kamba, nikalishona kwa kifua nilicho nacho. Nitasimama uwanja wa ndege wa Entebbe, pale wasafiri wanapotokea. Nimemwambia meno asiweke kwanza. Atoke anacheka, nimwone.