Wasifu wa Mama Juu ya Kioo

Jumamosi tulimzika mama yangu kwetu Sori. Mimi ni mpiga chapa kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, huko Uriri, na vidole vyangu huvijua vitufe bila mimi kutazama. Lakini mwenye duka ametuletea kompyuta ya kioo kitupu cha kugusa, eti kibodi zimepitwa na wakati. Niliandika wasifu wa mama nikiitazama picha yake, nikauchapisha bila kuusoma, maana ningelia tena. Kumbe vidole viliteleza kwenye herufi zisizo zake, tangu jina la mama.

Mbele ya waombolezaji, kaka yangu Otieno alikunjua karatasi, akanigeukia.

“Dada, hii ni lugha gani?”

“Na huyu ndiye mpiga chapa wetu!” shangazi akasema. Watu wakacheka.

Otieno akanipa maikrofoni nisimulie mwenyewe. Niliweza kutaja jina la mama tu, kilio kikanizidi.