Kumi na Mmoja Waliobaki

Likizo ile nilikuwa kidato cha tatu, na kazi yangu ilikuwa kulisha viwavi. Mama mdogo alikuwa anasomea uzamili wa kilimo. Chumba chao cha wadudu chuoni kilikuwa kinakarabatiwa, akahamishia vikombe vyake kwenye chumba cha uani hapa kwetu Kiwalani. Kila kiwavi na kikombe chake, kifuniko kimetobolewa kwa pini, maana ukiwaweka wawili pamoja, kesho unamkuta mmoja tu, kanenepa.

Walikuwa viwavijeshi, hawa wanaomaliza mahindi, wa koo mbili. Rafu ya kushoto walikaa sugu, uzao wa viwavi waliookotwa Mbagala kwenye shamba ambalo mwenyewe alipiga dawa mpaka akachoka. Kulia walikaa walaini, ambao tangu bibi wa bibi zao hawajawahi kugusa dawa. Mama mdogo alitaka kujua usugu unarithiwaje, na huwezi kusema huyu ni sugu kama huna mlaini wa kumlinganisha naye.

"Hawa wa kulia ndio rula yangu," alikuwaga anasema. "Rula ikivunjika, sina cha kupimia."

Majani safi yalitoka kwenye mahindi aliyopanda mwenyewe kwenye viroba, nyumbani kwa rafiki yake, mitaa mitatu kutoka kwetu. Tatizo langu lilikuwa kijiwe cha bodaboda pale kona. Siku ya kwanza tu nilipopita na mfuko wa majani, mmoja akadakia, "Sista, mbuzi wako hawashibi?"

"Mbuzi gani?" mwenzake akajibu. "Anakula mwenyewe huyo. Mcheki alivyo mwembamba."

Hawakuwa watu wabaya. Ila mie nikichekwa masikio yanawaka moto na miguu inasahau kutembea.

Ijumaa mama mdogo akaenda Morogoro kwa msimamizi wake, arudi Jumapili. Asubuhi ile nilifika karibu na kona mara mbili, nikageuka. Mara ya tatu nikasikia wanacheka, labda hata si mimi, nikarudi nyumbani. Nyuma ya ukuta wetu jirani ana mahindi yake, majani mapana, mabichi. Nikanyoosha mkono. Majani si ni majani tu, nilijiambia, nikayasuuza, nikawagawia wote, kushoto na kulia.

Jumamosi nilipofungua mlango, walaini walikuwa wamelegea vikombeni, wengine wameshakuwa weusi. Sugu wanatafuna kama kawaida. Majani yale yale! Nilielewa pale pale: jirani alikuwa amepiga dawa.

Siku hiyo sikukaa. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena. Nikaandika meseji kwa mama mdogo, nikaifuta, nikaandika nyingine, nikaifuta. Mama akaniuliza, "Una nini wewe, umekalia siafu?" Nikasema joto. Nikakimbia kwenye viroba kuchukua majani mengine, nikapita pale kijiweni hata sijui kama walisema kitu. Kila baada ya muda nilikuwa naingia kuwagusa walaini kwa unyoya, mmoja mmoja, kuona nani anajikunja. Wakabaki kumi na mmoja. Jumapili asubuhi wote kumi na mmoja walikuwa wanakula, na mie nikaona kama nimesamehewa.

Mama mdogo hakuvua hata viatu. Alifungua vikombe vya kulia, kimoja kimoja.

"Majani umetoa wapi?"

Nikanyoosha kidole ukutani.

"Hodi unaijua?" akasema. "Nenda kamuulize alipiga dawa gani, na lini."

Sikuwahi kwenda kwa yule mzee, jirani yetu, peke yangu. Nilisema "shikamoo" mara mbili, ya kwanza haikutoka. Akaitikia, nikamuuliza, akanijibu bila shida yoyote: amepiga Alhamisi, dawa yake ya siku zote, ila siku hizi anazidisha, "maana vidudu vya sasa vina kiburi."

Nilirudi na jibu, na tumaini langu. "Lakini mamdogo, kumi na mmoja wazima. Si wanaweza kuzaa, tukaanza nao?"

Alivuta kiti akakaa. Hakufoka, heri angefoka.

"Kwa nini wao hawakufa?"

Nikafungua kikombe kimoja, nikamgusa kiwavi kwa unyoya, akajikunja.

"Labda walikula kidogo. Labda wana kitu wenzao hawakuwa nacho, na wakizaa, watoto watakuwa nacho. Mie sijui ni lipi, na siwezi kupimia kitu nisichokijua. Ukoo umeshachujwa, mwanangu. Hawa si walaini tena."

Aliniachia mimi kuwapeleka kwenye friza, wafie huko. Mkubwa wao alikuwa bado anatafuna nilipomweka kati ya pakiti za samaki.

Kisha akafungua daftari lake, akanipa kalamu. Niliandika tarehe, dawa, majani kutoka shamba la jirani.

"Andika na sababu."

Nikaandika: Niliona aibu kupita kijiweni.

Akaisoma. Nilidhani ataikata, hakuikata. "Itabidi nikaombe mayai ya walaini Morogoro, nianze upya kabisa," alisema, kama anaongea na daftari. Akachukua simu kumpigia msimamizi wake, akatoka nje, na mie nikabaki nimesimama na kalamu, sijui nikae au nimfuate.