Jalada la Sijui

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima, mwaka wangu wa kwanza wa kazi katika boma la Kisarawe, lilikuwa hili: kama mtu ameona kitu nami nimeshindwa kukitambua, nani kati yetu ana kosa?

Karani mkuu hakuwa na swali hilo. Taarifa za vitu vilivyoonekana angani, ambazo tulitakiwa kuzikusanya tangu vita viishe, alizigawa katika majalada manne: ndege, nyota, moto, uzushi. Akishasoma mistari miwili, karatasi imepata pake. Mimi, niliyetoka chuoni juzi, nilisoma kila moja mara nne, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa hoi.

Ndipo ikaja taarifa ya mama mmoja mkulima wa Magindu. Mchana kweupe, jua la utosini, aliona kitu cheupe kimesimama juu ya mashamba, hakina sauti, kwa muda wa kukuna nazi mbili. Chini yake jumbe wao aliongeza kwamba mama huyo anatia watu hofu, na boma likisema ni uzushi, atamfikisha barazani.

Karani mkuu aliandika "uzushi" kwa penseli, akaniachia nikamilishe kwa wino.

"Nazi mbili, bwana mdogo," alisema. "Hicho nacho ni kipimo?"

Nilicheka naye, kichovu tu. Jioni nikaazima mbuzi ya kukunia kwa jirani, nikakuna nazi mbili, saa nimeiweka gotini. Jirani alisimama mlangoni akaniuliza kama nimekata tamaa ya kuoa. Dakika kumi na saba. Mkono wangu mzito, nikapunguza, tuseme kumi. Ndege haisimami dakika kumi. Kimondo hakimalizi hata moja. Moshi? Angeujua, anachoma shamba kila mwaka. Puto la watu wa hali ya hewa? Labda. Lakini labda si jibu, na uzushi si jibu kabisa.

Asubuhi nilimwambia karani mkuu kwamba sijui alichokiona.

"Hapa hatuna jalada la sijui," alisema, akarudi kwenye chai yake.

Nilifuta penseli yake, nikaandika kwa wino: "Hakijatambulika. Mtoa taarifa hana kosa." Nikatia saini yangu, si yake. Nikafungua jalada jipya, nikaweka nakala humo, na karatasi yenyewe nikamkabidhi tarishi wa kwenda Magindu kabla sijapata nafasi ya kuisoma tena.