Soksi ya Mbegu

Katika jumba moja la makumbusho pale Newtown, Johannesburg, niliona picha mbili kubwa ukutani. Ya kwanza ilionyesha watu wa kale wakichuma matunda na kuchimba mizizi porini. Ya pili ilionyesha wajukuu zao wakivuna shamba. Kati ya picha hizo palikuwa na ukuta mweupe, hauna kitu. Mimi mtu wa Tanga, fundi cherehani, jicho langu hukimbilia panapopwaya. Nikamuuliza mlinzi hapo katikati kulitokea nini. Akacheka, akasema hata yeye hajui.

Jibu lilikuwa uani kwangu, mtaa wa La Rochelle. Mpangaji mwenzangu, msusi kutoka mashariki ya Kongo, alikuwa mchumaji hasa. Majira ya mvua alichuma mchicha wa porini kando ya uzio wa uwanja wa mbio za farasi, Turffontein, tukala wote, yeye na mwanawe, mimi na binti yangu, bila kununua. Lakini Julai baridi iliunguza kila jani, na kazi zikakauka, zake na zangu. Tukabaki na unga wa ugali tu.

Siku moja niliona juu ya kabati lake soksi ya mtoto imetuna. Nikaipapasa. Maharagwe, aliyotoka nayo kwao! Na mwanawe mdogo yuko pale chini anausukuma ugali mkavu. "Ngilambile," alilia, maana njaa yake aliijua kwa Kizulu.

Nikapandwa na hasira. "We mama, huna huruma? Mtoto analia na maharagwe unayo!"

"Dada, hii haiko ya kula," alisema, macho yamemjaa machozi. "Iko mbegu. Tukiikula leo, mvua ikikuya tutapanda nini?"

Nilimwona katili. Nilibamiza mlango, nikarudi chumbani kwangu.

Mvua zilipoanza tulichimba kando ya ukuta, udongo umejaa vizibo vya soda na vipande vya chupa. Nilimsaidia ili kumridhisha tu. Kisha asubuhi moja nikakuta mbegu zimetoka, zimeinama shingo, nyingine bado zimebeba maganda yake. Nilichuchumaa pale mpaka chai ikapoa. Kitu kimetoka milimani kwao ndani ya soksi, na sasa kinaniamkia Johannesburg! Tulipovuna, kabla hata ya kuinjika sufuria, alichagua punje zilizonona akazirudisha kwenye soksi.

Baada ya mavuno alihamia Durban. Mbegu tuligawana, soksi akaniachia mimi. Julai ikaja na tabia zake zilezile. Binti yangu aliusukuma ugali, akatazama juu ya kabati.

"Mama, tupike yale."

"Hapana," nikasema. "Yale ni mbegu."

Niliuona tena ule ukuta mweupe wa makumbusho, na safari hii palikuwa na mtu: mwanamke mwenye punje kiganjani na mtoto anayelia mbele yake, wala hana wa kumwambia kwamba mvua itakuja. Mashamba yote ya dunia yametoka katika kiganja kile kilichokataa kufunguka.

Binti yangu alilia hadi usingizi ukamchukua. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikumchelea, na bado nililia.