Msumeno Nyuma ya Simu

Kwenye karakana ile ya fanicha kila mtu alimwita Mama Halo, na hata mumewe alishasahau kumwita vingine. Kazi yake ilikuwa kupokea simu. Usidhani ni ile kazi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka ukipaka rangi kucha. Simu ya karakana ilikuwa moja, ya waya, imepigiliwa ukutani jirani na mashine ya kupasulia mbao. Mteja akiulizia kabati lake, Mama Halo alivuta pumzi, akapaza sauti, "Rangi! La mwalimu limekauka?" Fundi wa rangi akajibu kwa kelele, msumeno ukameza jibu, na mwalimu akaambiwa apige tena kesho.

Bosi aliposema simu inahamia kwenye intaneti, mafundi walicheka. Mama Halo hakucheka, alikuwa na lake moyoni. Mumewe, Randa kwa jina la utani, alikuwa mpasua mbao hapohapo mpaka alipoanguka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Nyonga iliunga, moyo ukagoma. Alishinda nyumbani peke yake, ameelekea ukuta, akijibu "mm" na "hm". Chai aliyoachiwa asubuhi, mkewe aliikuta jioni imefanya utando. Kila alipofunga mlango kwenda kazini, Mama Halo alijiona kama anamtupa.

Kwa hiyo fundi wa mtandao, binti mmoja mcheshi mwenye mkoba wa nyaya, alipoeleza kwamba namba ya karakana itabaki ileile, kwamba wateja hata watatu wataweza kupiga kwa mpigo, na kwamba simu itapokelewa popote penye intaneti, Mama Halo alimshika mkono.

"Popote, mwanangu? Hata nyumbani kwangu?"

"Hata kitandani, mama, ukipenda."

Alimfuata bosi mpaka stoo. Bosi alijikuna kidevu. "Haya, jaribu. Ila wateja wakipungua, unarudi hapa ukutani."

Mwanzoni Mama Halo alikuwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Simu ilikaa mezani, hedifoni kichwani juu ya kilemba, naye akihudumia wateja huku anamenya viazi. Akimtaka fundi wa rangi alibonyeza kitufe tu, mteja akaunganishwa, hakuna aliyepasuka koo. Waliopiga usiku walimwachia ujumbe wa sauti, na asubuhi aliusikiliza huku bado anapiga miayo. Wakati mwingine alibonyeza kitufe bila sababu yoyote.

"Naam, Mama Halo, kuna nini tena?" fundi wa rangi aliuliza.

"Hakuna kitu. Najaribu mitambo."

Tatizo likaja kutoka pasipotarajiwa. Miaka yote wateja walizoea kusikia msumeno nyuma ya sauti yake, na sasa walisikia kimya. "Mbona kumepoa hivyo, mama? Mmefunga?" Mwingine aliahirisha meza ya kulia chakula, akasema karakana isiyo na kelele imefilisika, watu wanaona haya tu kusema. Oda zikaanza kukauka. Mwisho bosi mwenyewe akapiga.

"Mama Halo, watu wanadhani tumekufa. Jumatatu urudi."

Alivua hedifoni, akamweleza mumewe, si kwa kutegemea jibu, ila kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza. "Wanataka msumeno, baba. Sasa mimi nitautoa wapi?"

Simu ikalia. Kabla hajaigusa, alisikia kiti kikikwaruza sakafu. Randa alikuwa amesimama. Alichechemea mpaka uani, akarudi na msumeno wa mkono na ubao wa kitanda kibovu, akaulaza ubao juu ya kigoda, akaukanyaga kwa mguu mzima.

"Pokea basi," alisema.

Alipokea, na nyuma yake msumeno ukaanza kula mbao.

"Aa," mteja akasema, "leo mpo kazini."

"Tupo kwelikweli," alijibu Mama Halo, akijibana mbavu asiangue kicheko.

Tangu hapo simu ikilia, msumeno unalia. Mteja wa maneno machache alipasuliwa kipande kifupi. Mteja mwenye porojo alimaliza ubao mzima. Waliopiga kulalamika waligongewa nyundo, ili waone jinsi kazi yao inavyokimbizwa. Kitanda kibovu kikaisha, Randa akaanza kuutazama mlango wa jikoni kwa jicho baya, ikabidi mkewe akaombe mabaki ya mbao kwa majirani. Walicheka wawili hao mpaka Mama Halo akawa anazima kipaza sauti katikati ya mazungumzo. Oda zilirudi, na bosi, alipoambiwa ukweli, alicheka mpaka akakohoa, akasema habari ya Jumatatu isahaulike. Lakini Randa, ukiacha kucheka, maneno yake bado yalikuwa ya kuhesabika.

Asubuhi moja Mama Halo alikuwa bafuni, amejipaka sabuni kuanzia usoni mpaka miguuni, simu ikalia. Alipapasa taulo, macho yanawasha, akajua huyo mteja ameshapotea. Halafu simu ikanyamaza, na ukumbini sauti ya mwanamume ikasema, "Karakana, karibu."

Akaganda.

"Hapana, mama, hiyo mbao bado mbichi. Ukiichukua leo, mvua ikinyesha mlango utagoma kufunga. Subiri ikauke, nami nitakuchagulia isiyo na fundo." Akasikiliza swali la mteja. "Mimi? Mimi ndiye mpasua mbao wa hapa."

Mteja yule alikuwa na maswali mengi, na Randa alikuwa na majibu mengi zaidi. Mama Halo alisimama na kata mkononi, amejawa na furaha, akaiacha sabuni imkaukie mwilini. Angejimwagia maji, asingemsikia.