Siku Tuliporuka Ukuta wa Uwanja

Mwanangu, kuna siku inanijia kichwani mpaka leo, hasa asubuhi ukungu unaposhuka huku Hasamba na mibuni yote ikapotea. Nilikuwa mshambuliaji, na sikuwa mbaya. Waulize wenzangu, ingawa watakwambia nilikuwa mchoyo wa pasi.

Tulikwenda Tunduma kucheza fainali. Mtu wa timu moja kubwa ya Mbeya alikuja kunitazama, na akiridhika angenichukua. Tulipofika, kamati yetu ya ufundi, wale wazee wanaoshughulikia mambo ya dawa, ikatuambia geti limetegwa, na atakayelipita miguu itamlegea. Basi timu nzima tukaruka ukuta, mashabiki wakishangilia. Nikatua vibaya, goti likageuka. Nililala pale chini nikitazama mawingu yakienda taratibu upande wa Zambia, kelele zote zimekuwa za mbali. Wapinzani walipita getini, wakatufunga.

Baba alinikuta nyumbani goti limevimba. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuchuma kahawa.

“Pale getini ulikuwa unamwogopa nani?” akaniuliza.

“Sijui, baba.”

“Basi goti lako umempa mtu usiyemjua.”

Maneno yale yaliniuma kuliko goti. Sikucheza tena, na nililia sana, sikufichi. Nikalima, nikaoa, na usingizini bado nilikuwa nafunga magoli. Baadaye nikaanza kukaa na vijana wa timu kabla ya mechi, mmoja mmoja, nikiwauliza swali la baba. Siku hizi wananiita kocha wa saikolojia. Mke wangu anasema ni kupiga soga tu.

Juzi golikipa wetu aligoma kuvaa glavu. Nikamuuliza swali lile, nikakaa karibu naye bila kumharakisha. Mwishowe akasema, “Mzee, naogopa. Baba amekuja kuniangalia.” Alipolisema tu, mabega yakamshuka. Akavaa, akaenda kudaka.

Mwanangu, kuogopa si aibu, mimi mwenyewe bado naogopa mengi. Ila usikimbie kitu ambacho hujakijua. Kaa kidogo, jiulize unamwogopa nani, kisha umtaje kwa mdomo wako mwenyewe, hata kwa kunong'ona. Ukishamtaja, amua.

Mungu akulindie miguu yako. Na siku utakaposhindwa kusema, akupe mtu atakayekaa karibu nawe akungoje.